Kipande Kisichotiwa Dawa

Saa nne ya asubuhi, katika chumba cha hadubini kilichozibwa kwa mapazia meusi, kipande cha ubongo kisichotiwa dawa yoyote kiliwaka kijani. Daktari Mudathir alisonya. Msomi kama yeye hana haja ya kuuliza kosa ni la nani.

"Bi Mwatumu, umetia kingamwili vipande vyote?"

"Kimoja tu, daktari," alijibu msaidizi wake wa maabara. "Hiki cha kulinganishia nimekiacha kitupu, kama siku zote."

Kazi yenyewe ilikuwa hiyo: kingamwili zilifungwa rangi ing'aayo, zikatumwa zikanase vipokezi, milango ya ubongo inayopokea habari kutoka seli hadi seli. Pasipo kingamwili, giza.

Ubongo ulikuwa wa mama yake Mudathir, Bi Sabiha wa Usagara, aliyeutoa kwa hiari yake kabla hajafa. Bi Sabiha alikaliwa na jini la ukoo miaka arobaini. Shangazi zake Mudathir walimsihi jini liagwe kwanza kwa udi na dua, kwani lisipoagwa hutafuta damu ileile. Aliwacheka palepale msibani. Angethibitisha kuwa jini ni vipokezi vibovu tu, ili binti yake Samiha, wa miaka tisa, asije akapigiwa ngoma na wajinga hao.

"Tumekosa adabu kwa jini mwenyewe," Bi Mwatumu alinong'ona. "Tuliache, daktari."

"Wewe osha vioo."

Akarudia mwenyewe, kwa mikono yake iliyosoma Ulaya, akaosha, akasubiri, akainama kwenye hadubini, na harufu ya udi ikaingia katika chumba hicho kilichozibwa pande zote, ikamkaa kooni, na nyuma ya sikio lake mtu akawa anavuta pumzi polepole, naye akakaza jicho asigeuke, huku kile kipande kitupu kikizidi kuwaka mpaka jicho likamtoka machozi.

Kisha mwanga ukazimika. Vipande vyote, hata chenye kingamwili, vikawa vyeusi.

Mudathir alicheka. "Umeona? Rangi mbovu."

Bi Mwatumu hakucheka. "Limetoka, daktari."

Simu ikaita. Alikuwa Najat, mkewe, akisema kwa sauti ya chini.

"Baba Samiha, mtoto kaletwa kutoka shule. Anaongea kwa sauti ya mwanamume. Anakutaka wewe."

"Mpe simu."

Ilikuwa sauti nzito, tulivu, yenye dharau kumshinda yeye.

"Huko sipo tena, daktari. Nipo kwa mjukuu. Njoo ukate na huku."