Mayai ya Zuhura

Tumbokioo lilianza kutetemeka, na watu waliokuwa nyuma ya dirisha wakasogea kutazama. Lilikuwa chombo cha mviringo, kikubwa kama pipa la maji, na ndani ya majimaji yake ya vuguvugu watoto wanne wa mbwa walikuwa wakielea, kila mmoja na kitovu chake. Roboti mkunga akashusha mikono yake ya mpira, akafungua kifuniko, akampokea wa kwanza, akamfuta uso na kumpuliza puani. Mtoto akalia. Nyuma ya dirisha msichana mdogo akaruka juu.

"Baba, ndiye wangu yule! Ndiye wangu!"

Kila mteja wa kampuni ya Nyumba ya Sufi alishangilia hapo. Aikande Mmari, mhandisi wa vinasaba aliyelibuni tumbokioo, naye zamani alikuwa akishangilia. Siku hizi alitazama manyoya kwanza. Alichomoa unywele mmoja mgongoni mwa mtoto, akauweka chini ya darubini, akatazama mzizi wake. Mzizi ulikuwa mwembamba, umesinyaa kama mche uliokosa maji. Mbwa huyu angeanza kumwaga manyoya kabla hajatimiza mwaka.

Akageuka. Msichana alikuwa amebandika viganja vyote viwili kwenye kioo.

"Hongera," Aikande alimwambia baba mtu. "Ni mzima kabisa."

Arusha ya wakati ule ilikuwa imepanda juu. Watu waliishi katika majumba-mnara, maelfu ya familia chini ya paa moja, wakipumua hewa moja. Mtambo ulioitwa pafu la jengo uliivuta hewa hiyo, ukaisafisha na kuirudisha vyumbani. Manyoya ya mbwa yaliliziba pafu na kuwaamshia watoto pumu, ndiyo maana sheria ikakataza mbwa yeyote anayemwaga manyoya kuishi mnarani. Pudeli aliruhusiwa. Manyoya ya mbwa huyo wa Ulaya husokotana na kukua kama nywele za binadamu. Hayadondoki, hukatwa kwa mkasi. Lakini watu hawakumpenda alivyo. Walisema ana mdomo mrefu na mikogo ya mwanamitindo. Walitaka uso wa mbwa mwingine, masikio ya mwingine, na manyoya ya pudeli juu yake. Aikande akawapa. Kwa kuwa machotara hao walikuwa laini kama sufi, wakaitwa mbwa-sufi, na baada ya muda usio mrefu hapakuwa na ghorofa isiyo na wao.

Ila ili umpate mbwa-sufi mzuri ulihitaji pudeli mzuri. Majike bora wote wakanunuliwa, wakazalishwa machotara mpaka wakazeeka. Wale wachache waliobaki kwa wafugaji wakazaana ndugu kwa ndugu, wakapata macho mabovu na nyonga zilizolegea. Watu wakasema, "Mnaona? Pudeli ndio wagonjwa, sufi ndio wazima." Wafugaji wakafunga mabanda. Hakuna aliyeona shida, kwa sababu kampuni ilikuwa na ghala la mbegu za madume ya pudeli. Ghala lilipopungua, Aikande alinakili mbegu. Kisha akanakili nakala. Kila mara kosa dogo lilijipenyeza, kama habari inayopita midomo mingi. Sasa kosa lilikuwa limefika kwenye manyoya.

"Ni wangapi?" aliuliza Bwana Kamugisha, mkurugenzi, Aikande alipomwendea ofisini.

"Wote waliozaliwa tangu masika. Maelfu."

Kamugisha alivua miwani akayasugua macho yake. Wote wawili walijua kinachofuata. Mbwa akianza kumwaga manyoya, wasimamizi wa hewa walimtoa mnarani, na kwa kuwa nje hapakuwa na mtu wa kumchukua, alidungwa sindano ya usingizi asiamke tena.

"Hakuna dawa?"

"Ipo njia. Chanjo ya manyoya. Tukipata mayai ya pudeli halisi, yasiyonakiliwa, tunaweza kutoa humo kinasaba kizima na kuwadunga wagonjwa. Damu haifai, kinasaba hicho hukaa kizima ndani ya yai tu. Mizizi ya manyoya ingejirekebisha yenyewe."

"Basi tutafute pudeli."

"Duniani wamebaki wachache, na wote ni vikongwe. Mwenye umri wa kuzaa ni mmoja tu. Yuko Siha, kwa Mama Anaeli."

"Unamfahamu?"

"Ndiye aliyenipa jike wangu wa kwanza," Aikande alisema, akatazama sakafu.

Mama Anaeli Urassa alikuwa amefuga pudeli maisha yake yote kule Siha, chini ya Kilimanjaro, akiwafunza kuwaongoza vipofu. Aikande alipokuwa mwanafunzi, alikwenda kumwomba damu kidogo ya mbwa kwa ajili ya utafiti. Mama akampa jike mzima, bila malipo. "Msichana msomi kama wewe atawafaa mbwa wangu," alisema siku ile. Kutokana na jike huyo alizaliwa mbwa-sufi wa kwanza. Aikande hakurudi tena Siha kusema asante, mwanzoni kwa sababu ya shughuli, baadaye kwa sababu ya aibu.

Gari-hewa lilimshusha kwenye uwanja wa nyasi mbele ya banda refu. Vizimba vilikuwa wazi, milango imeegemezwa ukutani, na mabati yameanza kuota kutu. Mama Anaeli alitoka akijifuta mikono kwenye kanga. Nyuma yake alikuja mbwa mrefu mweusi, shingo wima, akitembea kwa madaha kana kwamba uwanja ule wote ulikuwa wake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Ingia ndani, huku nje kuna baridi."

Alimkaribisha kwa uji wa moto. Hakutaja kitu juu ya miaka iliyopita. Ni Aikande mwenyewe aliyeshindwa kuvumilia ukimya ule.

"Mama, najua biashara yangu ndiyo iliyofunga banda lako."

"Watu walitaka kitu laini, ukawapa," Mama alisema taratibu. "Niliumia, nisikufiche. Wateja walikuja hapa wakawatazama watoto wangu wa mbwa, wakaniuliza, 'Huna waliochanganywa?' Kana kwamba hawa ni unga usiopikwa. Lakini nimezeeka, kinyongo ni mzigo." Alimpapasa mbwa kichwani. "Huyu ni Zuhura. Nina jambo moja nataka kukuomba, na Mungu amekuleta mwenyewe."

Aikande akaweka kikombe chini. Ombi lake yeye lilikuwa bado mdomoni.

"Dume hakuna tena," Mama aliendelea. "Ninyi kule mna mbegu halisi?"

"Imebaki dozi moja ya zamani. Haijanakiliwa."

"Basi mchukue Zuhura. Mpandishe kwa mashine zenu. Nipatie watoto wake, hata wawili, nisije nikafa na pudeli akafa na mimi."

"Nitajitahidi, Mama."

"Usijitahidi. Niahidi."

Zuhura alikuwa ameketi kati yao, akimtazama huyu, kisha yule. Aikande alijua kwamba huo ndio wakati wa kusema neno chanjo. Neno halikutoka.

"Nakuahidi," alisema.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Mkono wa roboti uliingia kupitia tundu dogo kuliko punje ya mtama, ukayatoa mayai yote, asibakiwe na hata moja, maana Kamugisha alitaka yote. Zuhura alizinduka akatafuta mkono wa Aikande na kuulamba. Mayai mazima yalikuwa tisa. Yaliwekwa kwenye kisahani kimoja ndani ya jokofu la kioo, madogo hata macho hayakuyaona, ila kwenye skrini yaling'aa kama miezi.

"Kila yai moja ni mitaa mizima ya mbwa," Kamugisha alimwambia. "Nimepiga hesabu. Tunayahitaji yote, na hata hivyo yatatosha kwa tabu."

"Nilimwahidi Mama wa watu."

"Uliniambia wewe mwenyewe kwamba watoto wa tumbo moja hawawezi kuendeleza kizazi. Utampa wawili, ndugu kwa ndugu, kisha nini? Mimi sikulazimishi, Aikande. Funguo za jokofu unazo wewe. Ila kesho kutwa wasimamizi wa hewa wanaanza kupita mlango kwa mlango, na usidhani watoto wenye mbwa hao wataelewa."

Akatoka, akamwacha peke yake maabara.

Aikande alitenga mayai matatu kwenye kisahani kingine. Akatoa dozi ya mbegu kutoka kwenye barafu, akaiweka kando yake. Kilichobaki kilikuwa kuyakutanisha tu, kisha kuwasha tumbokioo. Kazi aliyoifanya mara elfu. Kwenye skrini ya ukutani taarifa za wateja zilikuwa zikimiminika: mbwa wetu ameanza kumwaga manyoya, tufanyeje? Mtoto wetu halali. Tafadhali jibuni. Akamkumbuka yule msichana wa dirishani na jinsi alivyomdanganya baba yake. Akajiambia kwamba Kamugisha anasema kweli, kwamba watoto watatu si kizazi, ni maombolezo tu yanayorefushwa. Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli. Lakini alijua kwamba hakuyachagua kwa sababu ni ya kweli. Aliyachagua kwa sababu nje ya mlango ule watu wengi wangempongeza, na Siha alikuwapo mmoja tu wa kulia.

Akayarudisha mayai matatu kwa wenzake. Kwa mkono wake mwenyewe akabonyeza kitufe cha kusaga.

Chanjo ilifanya kazi. Wasimamizi wa hewa walipita, na karibu kila mlango wakatoka mikono mitupu. Picha za watoto waliowakumbatia mbwa zilijaa kila mahali, na Nyumba ya Sufi ikafanya sherehe. Aikande hakwenda. Alikuwa amempakia Zuhura garini, anamrudisha kwao.

"Hayakushika," alimwambia Mama Anaeli mlangoni. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo njia nzima. "Tulijaribu yote. Mayai yalikuwa dhaifu."

Mama aliinama akampapasa Zuhura kichwani. Kisha akamshika Aikande mabega yote mawili, akamvuta kifuani kwake.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana. Najua umehangaika. Usilie, mapenzi ya Mungu hayo. Pole."

Aikande alilia kweli, na Mama akazidi kumbembeleza. Alimfungia na ndizi za kupeleka mjini.

Tangu siku ile Aikande hakulala vizuri. Kazini watu walimwita mwokozi wa mbwa, naye akashindwa kuinua macho. Kwenye lifti mbwa-sufi walimnusa miguu na kutikisa mikia, na wenye mbwa wakamshukuru. Kila shukrani ilimkumbusha ile pole. Angeweza kuishi na kosa la mayai, alijiambia. Wapo wenye akili ambao wangemtetea. Lakini pole ile aliiiba, na hapakuwa na mtu yeyote duniani wa kumtetea kwa hilo.

Mvua za vuli zilipoisha akapanda tena Siha. Mama Anaeli alikuwa ameketi barazani, Zuhura miguuni pake. Manyoya ya mbwa yalikuwa yamekuwa marefu mno, yamejifunga mafundo, yamemziba macho.

"Karibu, mwanangu. Hukusema kama unakuja."

Aikande hakuketi. "Mama, mayai hayakuwa dhaifu. Yalikuwa mazima. Niliyasaga yote, nikatengeneza chanjo ya mbwa-sufi. Nilitenga matatu kwa ajili yako, kisha nikayasaga na hayo. Hakuna aliyenishika mkono."

Upepo ulipita bandani, mlango mmoja wa kizimba ukagonga ukuta. Mama Anaeli alimtazama bila kukunja uso.

"Hao mbwa wa mjini walipona?"

"Walipona, Mama."

"Wote?"

"Karibu wote."

"Basi mayai siyadai," alisema Mama. "Ungeniomba, pengine ningekupa. Sijui. Hukuniachia nafasi ya kujua kama mimi ni mtu mwema au mbaya." Akamwondolea Zuhura manyoya machoni. "Ila siku ile nilikukumbatia. Wewe ulipoondoka nilikaa hapa nikakulilia wewe, si mbwa. Nikasema masikini mtoto yule, atajilaumu. Ile pole niliyokupa, Aikande, naitaka. Nirudishie."

Aikande alitafuta neno, akapata lile lile moja ambalo kila mtu hulisema kwa mgonjwa, kwa mfiwa, kwa aliyejikwaa njiani.

"Pole, Mama," alisema.

"Sema tena."

"Pole, Mama."

Mama Anaeli aligeuza uso kuelekea bandani. Hakusema kwamba amesamehe, wala hakumfukuza. Akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa mkasi na chanuo, akavisukuma upande wa Aikande.

"Mikono yangu siku hizi inatetemeka," alisema, bado hakumtazama. "Kila nikijaribu namkata. Hawezi kukaa hivyo, haoni. Anzia miguuni."

Aikande alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Alikuwa amewatengeneza mbwa maelfu, lakini hakuwahi kumnyoa hata mmoja. Akaushika mguu wa mbele wa Zuhura, akafungua mafundo polepole, akakata. Manyoya meusi yakaanguka kwenye mapaja yake, na upepo ukayachukua kidogo kidogo mpaka nyasini.

"Si hivyo," Mama alisema. "Fuata mfupa."

Akaufuata mfupa. Alipomaliza mguu ule akaushusha chini kwa uangalifu, na Zuhura, kama walivyofunzwa mama zake wote kabla yake, akainua mguu wa pili bila kuambiwa.