Pondo Lisilogusa Chini

Sakuji alizaliwa kusini mwa ziwa Biwa, kwenye maji ya kina kifupi. Huko aliendesha mashua kwa pondo, mti mrefu wa mwanzi. Kila mahali pondo liligusa tope. Upepo ukivuma, alilichomeka chini, akafunga mashua na kungoja.

Magugu yakaziba kusini, samaki wakapungua. Sakuji akahamia huku kwetu kaskazini, chini ya milima ya Hira, nyumbani kwa wazazi wa mkewe Tomie. Alikuja na pondo lake. Kila siku alitega wavu ufukoni kabisa, pale pondo lilipogusa chini, na kila siku ulitoka mtupu. Tomie alihitaji funa, samaki wa ziwa hilo, wenye mayai, awavundike mtungini kwa chumvi na wali. Mtungi huo ndio riziki yao ya mwaka mzima.

Asubuhi moja mwishoni mwa Machi, Sakuji alipakia wavu mashuani tena.

"Safari hii nakwenda mbali," akasema.

"Ngoja kwanza, bwana. Mvumilivu hula mbivu."

"Na asiye na kitu hula nini?"

"Figili za Bibi Kinu," Tomie akajibu.

Bibi Kinu, jirani yao, alikuwa akiosha figili hizo ukingoni. Akainua kichwa.

"We mkwe wetu, unakwenda wapi na huo mti wa kuanikia nguo?"

"Hili limenilisha tangu ujana, bibi."

"Haya, lichomeke hapo mbele tuone."

Sakuji akacheka. Akasogeza mashua kidogo tu, akachomeka. Pondo likazama, mkono ukalowa mpaka begani. Halikugusa chini. Kicheko kikamwisha.

"Kusini ziwa ni sinia, huku ni kisima," Bibi Kinu akasema. "Funa bado wako kilindini. Maji yakipata joto na mvua ikiyapandisha, watakuja kutaga kwenye matete ya kile kiziwa cha pembeni. Watege huko. Na theluji ikiwa bado mlimani, upepo wa Hira hushuka ghafla, hata ziwa likiwa limetulia. Marehemu mume wangu alitoka siku kama hii. Kamba ya nanga yake ilikuwa fupi." Akaikung'uta figili maji. "Mashua tu ndiyo tuliyoipata."

Sakuji akarudi ufukoni, akaushusha wavu kutoka mashuani.

Kabla ya adhuhuri upepo ulishuka, ziwa likawa jeupe kwa povu. Sakuji alitazama kutoka mlangoni. Aliogopa, wala hakuona haya kuogopa.

Alinunua kamba ndefu ya nanga na jaketi la kuokolea maisha, akasubiri. Mvua za masika zilipopandisha maji, alitega kwenye matete. Funa wakaja wamejaa mayai, na mtungi wa Tomie ukajaa.

Pondo sasa liko uani, limeanikiwa nguo. Jioni moja Bibi Kinu alipita, akashika mkono wa koti la Sakuji la kuvulia lililoning'inia hapo.

"Limelowa hilo, bibi," Tomie akasema. "Litakutia baridi."

"Acha nilishike, mwanangu. Limerudi na mwenyewe."