Moshi wa Adhuhuri Jebel Bu Ramad

Simu ya setilaiti ya Thuraya ilitetemeka kifuani mwa Rafika Werghi.

"Tai," sauti ikasema, ikimwita kwa jina lake la siri. "Wino umefunguliwa."

Alielewa. Rais Hedi Zarruk alikuwa mezani, na amri ilikuwa mbele yake. Akitia saini, mlima wote wa Jebel Bu Ramad ungekuwa eneo la kijeshi, na yeyote atakayekutwa juu yake angehesabiwa adui. Waziri hakuwa na uwezo huo. Jenerali hakuwa nao. Katiba iliuweka mkononi mwa mtu mmoja tu.

Ndege mbili za kivita za F-5 zilikuwa zimeshawasha injini.

Upande wa pili wa mlima, baba yake Rafika alikuwa akichunga mbuzi.

Rafika hakuruhusiwa kumwonya, wala hakuomba ruhusa. Tangu kaka yake akanyage bomu lililofukiwa kwenye njia ya mbuzi, kitu fulani ndani yake kilikuwa kimezimika. Alikuwa ameshalizoea giza lake.

"Nipe muda, mkuu."

"Muda ni wa Rais," akajibu Lamin, mkuu wa idara ya ujasusi, kutoka Tunis. "Mimi nimesimama nje ya mlango wake tu. Niletee kitu."

Yote yalianzia kwenye video iliyopigwa mlimani hapo. Wanaume waliofunika nyuso, bendera nyeusi, viapo vya kuiteka nchi kwa jina la Mungu. Watu waliiona wakiwa kwenye futari, vijiko vikabaki hewani. Kulipokucha, kila mdomo ulimtaka Rais atumie nguvu zake.

Rafika alitambaa hadi ukingoni. Bunduki ya Steyr mgongoni. Bastola ya Glock ubavuni. Midomo imekauka kwa saumu.

Akatoa darubini ya Leica.

Bendera ilikuwepo. Mahema yalikuwepo.

Na moshi.

Akavuta pumzi. Kitunguu saumu. Nyanya. Soseji za kondoo zenye pilipili. Mayai.

Ojja, mchuzi wa mayai. Adhuhuri. Katikati ya Ramadhani.

Wapiganaji watatu wa dini walikuwa wamezunguka sufuria wakichovya mkate. Nyuma yao, chini ya turubai, palikuwa na Isuzu D-Max iliyosheheni madumu ya petroli. Katika mkoa huo wa Kasserine hata mtoto anajua gari la namna hiyo ni la magendo. Mlima ukifungwa, wachungaji wangefukuzwa, na njia za mpakani zingebaki za watu wa magendo, ambao siku zote wana mtu serikalini wa kuwafungulia.

Hawakutaka Rais afe. Walitaka aogope.

Rafika akateremka.

"Mikono juu."

Bunduki zao zilikuwa zimeegemea msonobari, mbali na chakula. Mmoja akazitupia jicho. Glock ikalia, sufuria ikapinduka, mchuzi ukamiminika majivuni. Hakuzitazama tena.

Mnene wao, aliyeitwa Shadli, alikuwa na kiini cha yai kwenye masharubu.

"Ungesema una njaa, dada, tungekupakulia," akasema. "Au umefunga?"

"Nimefunga."

"Mungu akutakabalie." Na hakuwa akitania.

Aliwatia pingu za plastiki, kisha akampigia Lamin na kumweleza kwa maneno machache. Lamin akasema Rais keshashika kalamu na hataki tena kusikia la jasusi yeyote, maana majasusi kila siku wana ushahidi. Rafika akamwambia asiseme lolote, aingie tu, ampe Rais simu.

Hatua za viatu simuni. Mlango. Minong'ono yenye hasira.

Rafika akaisogeza simu mdomoni mwa Shadli. Hakumwambia anaongea na nani.

"Mwanangu," ikasema sauti ya mzee aliyechoka, "umefunga leo?"

Shadli akaitazama bastola, kisha simu. Maisha yake yote alikuwa amewadanganya askari wa mpakani, na aliwadanganya vizuri. Lakini hili lilikuwa swali la baba.

"Hapana, mzee wangu. Mlima huu unanimaliza."

"Na wenzako?"

"Nani afunge hapa? Sisi watu wa petroli. Bendera tumeletewa, maneno tumefundishwa. Bosi anataka wachungaji watoke njiani, basi."

Kwenye simu, kitu kidogo kikagonga mbao. Kalamu.

"Ndege zizimwe," Rais akasema, si kwao.

Helikopta ilipokuja kuwachukua, Shadli aliuliza yule mzee alikuwa nani.

"Mliyetaka kumtisha," Rafika akasema.

Rangi ikamtoka. Rafika hakusubiri kumtazama.

Baba yake asingejua kamwe jinsi alivyoponea chupuchupu. Hivyo ndivyo kazi ilivyotaka, naye hakuona uchungu.

Nyuma ya jabali akapiga mikono yake juu ya mchanga, akatayamamu badala ya kutia udhu, akasali adhuhuri. Katika sijda ya mwisho alikaa sana, akingoja furaha, au hata kilio.

Hakuna kilichokuja.

Akashukuru hivyo hivyo. Akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, akaokota Steyr yake na kushuka mlima bila kugeuka nyuma.