Mahojiano ya Mzee Alawi

Mzee Alawi hakuwa ametamka neno tangu kiharusi kimpige miaka miwili nyuma, kwa hiyo Shufaa, binti yake, aliposikia sauti yake chumbani ikiuliza, "Jina lako nani?" alidhani ni redio ya jirani. Ilikuwa saa tisa mchana, pale Iyunga, naye anafua mashuka ya mzee kwa mara ya pili siku hiyo. Akaendelea kufua. Alikuwa amechoka hata kushangaa.

Kesho yake sauti ilirudi, safari hii na harufu ya mafuta ya taa na blanketi bichi. Shufaa akasogea mlangoni. Baba yake amelala chali, mdomo umefumba, na sauti ile ya upole aliyoiogopa tangu utotoni ikawa inatoka kifuani mwake, ikiuliza nani alikutuma, ulivuka mto saa ngapi, mwenzako yuko wapi, na kila baada ya swali godoro likabonyea upande wa miguuni kana kwamba mtu anajiweka sawa, mpaka sauti nyingine, ya kijana, ikajibu kwa kunong'ona, "Ulinituma wewe, afande."

Katika vita vya Kagera Mzee Alawi aliongoza ujasusi wa brigedi nzima. Mitaani walimsifu kwa hilo. Nyumbani hakuwahi kulizungumza.

Shehe Hamza aliitwa. Alisoma mpaka sauti ikamkauka, kisha akauliza, "Unataka nini kwa huyu mzee?"

"Aseme kweli," ikajibu sauti ya kijana. "Mimi Tadeo wa Nyololo. Habari nilizomletea zilikuwa sahihi. Shambulio lake liliposhindwa, akawaambia wakubwa kwamba nimewauza wenzetu kwa adui. Nikapigwa risasi. Mke wangu, Evarista, yupo hai."

Shehe akamvuta Shufaa pembeni. "Wafu hawarudi, binti yangu. Huyo ni jini aliyefuatana na marehemu. Lakini anayoyasema, muulize baba yako."

Shufaa akaushika mkono mmoja wa mzee uliobaki na nguvu. "Baba, ni kweli?"

Mkono ukambana vidole, polepole, na haukumwachia.

Keshokutwa yake alipanda basi hadi Nyololo. Alimkuta Evarista, bibi kizee mwembamba, akipukuchua mahindi nje ya nyumba yake. Shufaa akapiga magoti, akaeleza yote bila kumtetea baba yake. Evarista hakuacha kupukuchua.

"Watoto wangu wamekua wakiitwa watoto wa msaliti," alisema mwishowe. "Mmoja alihama kwa sababu hiyo, sijamwona tena. Mwambie baba yako nimesikia. Kusamehe, mwanangu, leo sina nguvu."

Shufaa aliporudi, harufu ilikuwa imekwisha. Siku tatu nyumba ilitulia, naye akalala usingizi ambao hakuwa ameuonja kwa miezi.

Siku ya nne, mchana, alikuwa anamlisha mzee uji. Mlango ukasukumwa taratibu, na hakuna aliyeingia. Godoro likabonyea. Kifuani kwa baba yake sauti ikasema kwa upole, "Karibu, wewe unayefuata," na huko nje, kwenye korido, kuanzia mlangoni hadi uani, Shufaa akasikia miguu mingi, mingine pekupeku, mingine ya buti, ikisogea mbele hatua moja.

Akamfuta mzee kidevu, akavuta kiti, akakaa asikilize jina.