Aliyeuawa Kitabu cha Tatu

Maoni ya kitabu cha tatu yalianza kuingia kwenye simu ya Adila kabla chai haijapoa, na nyumba nayo ikaanza kunuka udi. Hakuna aliyefukiza. Adila hakujali, mwandishi akishaanza kusemwa, pua yake inasikia nini tena?

Riwaya yake ya mnyonya damu wa Makurunge ilikuwa imewatia wazimu wasomaji wa kundi lake la WhatsApp kwa vitabu viwili. Katika cha tatu alimuua.

"Umetuonea, dada!" Ridhiwani aliandika. "Kifo chenyewe umekiandika mbio mbio kama mtu aliyeacha wali jikoni."

Skolastika wa Msata alituma sauti, analia kweli kweli. "Mimi yule nilimpenda, jamani. Angekuja kwangu ningemfungulia mlango."

Adila akacheka. Kisha ikaingia sauti kutoka namba asiyoijua, nzito, ya taratibu.

"Cha kwanza nilikipenda. Cha pili nilikipenda. Cha tatu umeniua. Nimekukosea nini?"

Akadhani ni Ridhiwani anamtania. Lakini adhuhuri binti yake Hajra, mtoto wa miaka sita aliyekuwa amelala mkekani, alifumbua macho akayasema maneno yale yale kwa sauti ile ile nzito, na udi ukachanganyika na harufu ya damu mbichi, na Adila alipomshika shingo akaikuta baridi kama mtungi.

Mama yake Adila, Bi Mgeni, aliisikia sauti ile, akaingia kutoka uani na unga mikononi.

"Jina la huyo mnyonya damu wako umelitoa wapi?" alinong'ona.

"Kwa bibi, mama. Alikuwa akiliita kwenye ngoma. Nililiona zuri."

"Zuri! Lile jina la jini wa bibi yako!"

(Jina lenyewe mimi silitaji hapa. Nina watoto.)

Mama akaendelea, "Bibi yako hakuliita bila kumwekea chano cha vyakula na damu ya mbuzi. Wewe umemwita vitabu vitatu, hujampa hata tone, halafu unamuua mbele za watu?"

Fundi Mwishehe, mganga aliyempigia bibi ngoma enzi hizo, alikuja na mbuzi. Akamchinja, akafukiza, akamuuliza jini anataka nini. Hajra akalisukuma bakuli la damu kwa mguu, ile sauti nzito ikamtoka.

"Mbuzi nilikula kwa bibi yake. Huyu amenitoa kwangu, aniandikie nyumba nyingine. Hataki, nakaa humu."

"Andika, mwanangu," fundi alisema kwa hofu. "Ila angalia unampeleka kwa nani."

Adila akashika simu huku midomo ya mwanawe ikizidi kuwa myeupe, akatafuta nyumba kichwani, pango, shamba, popote pasipo na mtu, na hakuna kilichomjia ila sauti ya yule aliyesema atafungua mlango. Akaandika kwamba mnyonya damu hakufa. Alikwenda Msata kwa mwanamke aliyemlilia. Akaituma kundini.

Harufu ikakatika. Hajra akapiga chafya, akaomba uji.

"Hapo sasa!" Ridhiwani aliandika.

Alasiri Skolastika akatuma sauti, ya chini mno.

"Dada Adila, mwisho huu nimeupenda. Ila nyie wa pwani mnayajua haya mambo, nisaidie. Kwangu kunanuka udi, na sisi hatufukizi. Mlango umegongwa, nimefungua, sikuona mtu. Na Tobia wangu mdogo kalala tangu mchana, namwamsha haamki. Nifanyeje, dada?"

Adila akaisikiliza tena. Akamtazama Hajra anavyolamba kijiko cha uji. Akazima simu.