Mfarishi wa Laptopu

Sanduku la safari la Asadullo lilikaa karibu na mlango, pale pale alipoliweka siku aliyorudi kutoka Urusi. Kila asubuhi Saodat alifagia pembeni yake. Hakulipenda hata kidogo. Akilitazama alikumbuka ile miaka ambayo mumewe alikuwa sauti tu ya kwenye simu.

Huko Urusi Asadullo alikuwa fundi wa ujenzi. Siku moja alianguka kutoka kwenye jukwaa, akaumia mgongo. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Alirudi kijijini kwao, milimani karibu na mji wa Istaravshan. Kubeba tofali hakuweza tena, lakini nyumba alizijua kuanzia msingi hadi paa. Akajifunza kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta. Mhandisi mmoja wa mji mkuu, Dushanbe, akaanza kumpa kazi. Asadullo alichora, akatuma kwa mtandao, akalipwa. Mkate ukapatikana, na watoto wakamzoea tena baba yao.

Majira ya baridi familia nzima ilihamia kwenye sandali. Katikati ya chumba kulikuwa na shimo la makaa. Juu ya shimo iliwekwa meza fupi, na juu ya meza mfarishi mkubwa wa pamba. Watu walikaa kuizunguka, miguu ndani ya joto, mfarishi umewafika kiunoni. Hapo walikula, hapo walikunywa chai, hapo waligombana na kupatana. Na hapo ndipo Asadullo alipofanyia kazi. Laptopu yake ilikaa juu ya meza, juu ya ule mfarishi.

Saodat naye aliitunza kwa moyo wote. Yeye alikuwa mshonaji wa mifarishi, na kijiji kizima kiliisifu mikono yake. Akaishonea laptopu mfarishi wake mdogo. Ndani alitia pamba laini, juu akatarizi maua ya mkomamanga. Upande mmoja laptopu iliulalia, upande wa pili ilijifunika.

"Baridi hii inapasua mawe," alisema. "Sembuse kitu kama hiki."

Hata hivyo, laptopu ya kwanza ilikufa kwenye baridi ya mwaka uliopita. Wakanunua ya pili, nyembamba na ya kung'aa. Sasa nayo ilianza kuvuma kama nyuki kwenye mzinga. Siku moja, Asadullo akiwa katikati ya mchoro, ikazimika. Alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena. Kioo kilibaki cheusi.

"Imekufa?" aliuliza Bibi Rajabmoh, mama yake.

"Imekufa, mama."

"Mlinunua jina, hamkununua kitu. Sufuria yangu nilipewa siku ya harusi, na leo bado inapika pilau."

"Sufuria haichori ramani, mama."

"Na laptopu yako je, inachora?"

Asadullo alisogea, akashika mgongo, akachukua simu. Saodat alijua anampigia nani. Alikuwa Hokim, binamu wa Asadullo, ambaye kila mwaka baada ya Navruz, sikukuu ya mwisho wa baridi, alijaza basi la vijana wa kwenda kufanya kazi Urusi.

"Hokim anasema nafasi ipo," Asadullo alimwambia mkewe alipomaliza. "Ya kulinda stoo tu. Sitabeba kitu."

"Mara ya mwisho pia ulisema hutabeba."

"Sasa tule nini, Saodat? Ubao wa sandali?"

Saodat aliinuka, akavaa koti na viatu vya theluji. Aliumia moyoni, maana alijua kwamba mgongo ule ukianguka mara ya pili, hautainuka. Alivuka uani hadi kwa jirani yao, Mavzuna. Huyu alikuwa fundi wa kompyuta za hospitali ya wilaya. Alikuwa msichana wa maneno mengi na kicheko cha karibu.

"Mavzuna, mdogo wangu, njoo utuangalizie maiti yetu," alisema Saodat.

Mavzuna alikuja na bisibisi zake ndogo. Bibi Rajabmoh akammiminia chai ya kijani kwenye bakuli. Mavzuna alifunua ule mfarishi mdogo, akausifu kwa kazi nzuri, kisha akafungua skrubu za chini ya laptopu. Kifuniko kilipotoka, alichukua kibano, akavuta kitu kutoka kwenye feni. Kilikuwa kipande kinene cha pamba ya kijivu, na ndani yake nyuzi nyekundu.

Saodat alizitambua nyuzi zile kabla hajaulizwa. Zilikuwa za maua yake ya mkomamanga.

"Dada Saodat, kitu hiki kinapumua," alisema Mavzuna kwa upole. "Hewa ya baridi inaingia huku chini, hewa ya moto inatoka hapa pembeni. Feni ndiyo mapafu yake. Sasa nyinyi mmeiziba pua kwa mfarishi, halafu mkaiwashia makaa chini."

"Lakini baridi?"

"Ikiwa inafanya kazi, inatengeneza joto lake yenyewe. Adui yake ni joto. Ukitoka nayo nje kwenye theluji, ukifika ndani iache itulie kabla ya kuiwasha, unyevu ukauke. Basi. Haihitaji blanketi."

"Mimi nilimlea Asadullo kwa kumfunika hivyo hivyo," alisema Bibi Rajabmoh. "Mbona hakufa?"

"Asadullo alikuwa na miguu ya kuupiga teke mfarishi, bibi. Hii haina."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. Saodat hakucheka. Alikuwa amekishika kile kipande cha pamba kiganjani, na machozi yalimlengalenga.

"Kumbe ni mimi," alisema. "Zote mbili nimeziua mimi."

Asadullo aliunyoosha mkono juu ya sandali, akakichukua kile kipande cha pamba, akakitupa kwenye ndoo ya taka. "Ungejuaje? Mimi ndiye niliyekaa nayo siku nzima, masikio yangu mawili yakisikia feni inalia, na sikujua. Ulitaka nisiondoke. Ndiyo maana uliishonea."

Baada ya hapo hakuna aliyemlaumu mwenzake katika nyumba ile.

"Hii haitengenezeki?" aliuliza Asadullo.

Mavzuna alitikisa kichwa. "Ubao wake mkuu wa ndani umeungua. Na angalia ilivyotengenezwa. Kumbukumbu imegandishwa kwenye ubao, diski imegandishwa, betri imebandikwa kwa gundi. Kikiharibika kimoja, umepoteza vyote. Safari hii msinunue kwa macho tu. Nitakwenda nanyi."

"Tutanunua kwa pesa gani, huku hatuna kitu?" alisema Asadullo.

Bibi Rajabmoh aliweka bakuli lake chini. "Uzeni ndama wangu. Afadhali ndama kuliko mgongo wa mwanangu."

Ndama aliuzwa, na Jumapili Asadullo, Saodat na Mavzuna wakaenda mji wa Khujand. Sokoni kulikuwa na mtaa mzima wa maduka ya kompyuta. Muuzaji mmoja, mtu mchangamfu wa masharubu, aliwapangia tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa mpya, ya rangi ya dhahabu, nyembamba kama mkate wa chapati. Macho ya Asadullo yaliganda hapo.

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," Mavzuna alimnong'oneza. "Inua kifuniko kwa kidole."

Asadullo aliinua. Kifuniko kilitoa mlio, na kioo kikacheza huku na huku.

"Bawaba zake zimeshikwa na plastiki," alisema Mavzuna. "Wewe utafungua na kufunga kila siku. Utaanza kusikia kelele, halafu ufa, halafu kioo kinabaki mkononi." Akamgeukia muuzaji. "Kaka, kumbukumbu ya hii inaongezeka?"

"Haiongezeki, dada. Lakini kwa sasa inatosha."

"Kwa sasa," alirudia Mavzuna. "Shemeji, programu ya kuchorea ramani kila mwaka inataka nafasi zaidi. Unapotafuta kitu cha kukaa nacho miaka, usiulize kama kinatosha leo. Uliza kama kitaweza kuongezwa kesho."

Ya pili ilikuwa kubwa, na kibodi yake iliwaka taa za rangi zote. Ilikuwa na nguvu kweli. Mavzuna aliomba iwashwe, akaipa kazi nzito, kisha wakasubiri wakila mbegu za alizeti. Haikuchukua muda. Feni ilipiga kelele, na Asadullo alipoweka kiganja pembeni akakiondoa haraka.

"Hii ni ya vijana wa michezo," alikiri muuzaji. "Na umeme ukikatika, betri yake haifiki hata chai ikachemka."

Kijijini kwao umeme ulikatika kila mara wakati wa baridi. Hata Saodat aliona kwamba hiyo haiwafai.

Ya tatu ilikuwa nyeusi, nene, ya mtumba. Muuzaji alisema ilitoka kwenye ofisi za Ulaya. Asadullo aliikunjia uso. "Inafanana na sanduku la vifaa vya fundi bomba."

"Ndiyo sifa yake," alisema Mavzuna. "Hizi za maofisini hujengwa ili fundi azifungue. Bawaba ni za chuma. Betri inabadilishwa, diski inabadilishwa, kumbukumbu inaongezwa. Vipuri vyake vimejaa mtaa huu. Diski yake ni ya kisasa, haina kinachozunguka ndani, kwa hiyo inafungua kazi haraka. Prosesa yake, yaani ubongo wake, si ya zamani mno, na mfumo wake utaendelea kupata masasisho ya usalama kwa miaka kadhaa. Hilo pia liulize kila mara. Mashine hata iwe nzima, bila masasisho ni kama nyumba isiyo na kufuli."

Asadullo aliwasha, akafungua mchoro wake mmoja kutoka mtandaoni. Ulifunguka vizuri. Akatabasamu, akatia mkono kwenye mfuko wa koti.

Wakati huo Saodat alikuwa anapapasa juu ya kibodi. Hakujua lolote kuhusu prosesa, lakini mikono yake ilikuwa imenyoosha mifarishi tangu utotoni. Uvimbe mdogo kama punje ya ngano uliofichwa kwenye pamba, vidole vyake viliuona.

"Hapa pamevimba," alisema.

"Wapi?" aliuliza muuzaji.

"Hapa chini ya kiganja. Huku pamelala, huku pameinuka."

Mavzuna aliinama, akatazama kwa usawa wa meza. Uso ukambadilika. "Zima, kaka. Betri imevimba. Hii inaweza hata kushika moto."

Muuzaji alipapasa mwenyewe, akaona haya. "Wallahi sikujua. Zilikuja nyingi pamoja." Akaiondoa mezani, akaiweka mbali na watu.

"Mimi mwenyewe ningeipitisha," Mavzuna alimwambia Saodat. "Mtumba ni mzuri, lakini ukague mmoja mmoja. Mmoja akiwa mzima, si lazima mwenzake naye awe mzima."

Muuzaji akaleta nyingine ya aina ile ile. Safari hii kila mtu alikuwa na kazi. Asadullo alijaribu bawaba, akabonyeza kila herufi ya kibodi, akachomeka waya kwenye kila tundu. Mavzuna alisoma hali ya betri, akaipa mashine kazi nzito, wakala tena mbegu za alizeti. Ilipata joto, lakini kiganja kilivumilia. Saodat aliipapasa juu na chini, pembe zote.

"Imelala sawasawa," alisema.

Muuzaji aliwaandikia waranti na kugonga muhuri. Asadullo akalipa. Njia nzima ya kurudi aliipakata laptopu, na Saodat alikaa ubavuni pake kwa furaha.

Nyumbani Asadullo alitengeneza meza ndogo ya mbao yenye miguu na matobo juu, hewa ipite. Aliiweka kando ya sandali, mbali na makaa. Miguu ya Asadullo ilikaa kwenye joto, na laptopu ikakaa kwenye hewa. Kila vuli na kila masika Mavzuna alikuja kupuliza vumbi kwenye feni. Mwaka wa pili wakaongeza kumbukumbu. Mwaka wa tatu wakabadilisha betri. Kazi za Dushanbe zikaongezeka, na Bibi Rajabmoh akapata ndama mwingine, mnene kuliko yule wa kwanza.

"Sanduku la fundi bomba bado zima?" aliwatania Mavzuna kila alipopita.

"Linashindana na sufuria ya mama," alijibu Asadullo.

Na ule mfarishi mdogo wa maua ya mkomamanga? Saodat alitaka kuufumua. Asadullo akamzuia. Aliuweka nyuma ya mgongo wake, pale panapouma, akaegemea ukutani akichora. Hapo ukakaa.

Baridi ya nne ilipokaribia kwisha, Hokim alipiga simu. Saodat alikuwa ameketi sakafuni akishona, mumewe kando yake. Asadullo aliweka simu kwenye spika maana mikono ilikuwa kwenye kibodi.

"Kaka, basi linaondoka baada ya Navruz," ilisema sauti ya Hokim. "Nikuwekee kiti? Au sanduku lako bado halijawa tayari?"

Asadullo alimtazama mkewe. Saodat alinyoosha mkono, akalivuta lile sanduku la safari kutoka karibu na mlango, akalifungua kwa sababu pamba ilikuwa imemwishia.

"Limejaa," alisema Asadullo.

"Limejaa nini?"

"Pamba ya mke wangu."

Saodat alichota pamba ndani ya sanduku, akaendelea kushona.