Vibati vya Msituni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku aliamia ndege. Alipiga debe, akapayuka, akatupa madongoa. Ndege waliruka upande huu wa shamba la mtama wakatua upande wa pili, kama wanaomcheka. Jina hilo la Chiriku alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, lakini kwa ndege wale hata mdomo wake ulichoka.

Shamba lilikuwa la bibi yake, nalo lilipakana na msitu wa hifadhi. Siku moja, akiokota kuni zilizoanguka, Chiriku aliona vibati vidogo vyenye namba vimepigiliwa kwenye mashina ya miti. Vilimetameta. Aliving'oa, akavitunga kwenye kamba, akaitundika juu ya mtama. Upepo ulipovuma vikalia, na ndege wakatokomea.

"Mjukuu wangu ana kichwa!" bibi alimtangazia kila apitaye. Hakuuliza bati limetoka wapi.

Wiki iliyofuata mkuu wa hifadhi alikuja na askari wake. Namba za miti ya utafiti zimeibwa, akasema, na anayeshinda humo juu ya miti ni mmoja tu: mrina asali. Huyo alikuwa mjomba wake Chiriku. Alinyang'anywa kibali palepale. Njia ya chemchemi iliyo msituni ikafungwa kwa wote, na kina mama wakaanza kuchota maji bwawani, ng'ombe walimosimama.

Chiriku aliishusha kamba mbio, akaificha chini ya godoro. Asubuhi ndege walikuwa wamerudi.

"Umeitoa ya nini?" bibi alifoka.

"Imekatika, bibi."

"Kamba ikikatika hufungwa, haipelekwi kulala! Itundike!"

Akiitundika, askari wataiona. Akiificha, mtama utaisha. Akisema, atafukuzwa shule. Akinyamaza, mjomba ndiye mwizi. Aligeuka kila upande, kila upande ukuta.

Jioni mjomba alikuja, akakaa kizingitini, mikono haina kazi.

"Watakufanya nini, mjomba?"

"Nimezoea kuumwa na nyuki usoni, mwanangu. Safari hii nimeumwa na watu, tena mgongoni." Akacheka peke yake.

Mkutano uliitishwa darasani ili mjomba afutiwe kibali kabisa. Mtafiti wa ile miti, mwanamke mwenye viatu vya matope, naye alikuwepo. Mkuu wa hifadhi alipofungua tu kinywa, Chiriku alisimama.

"Ni mimi. Mjomba hajui lolote. Nilivitaka vya kuamia ndege." Akavimimina vibati mezani.

Mtafiti aliokota kimoja, akakigeuza. "Kila namba ilikuwa na mti wake," alisema taratibu. "Sasa nitajuaje upi ni upi?"

"Mtoto huyu ni wa nani?" mkuu wa hifadhi alinguruma.

"Wangu!" Bibi alikuwa ameshasimama. "Amekosa, na nitamkanya. Lakini na mimi nina langu. Mnapima miti ile tangu mama yake huyu akinyonya. Tumewachotea maji, tumewabebea mahema. Nani kati yenu aliwahi kurudi kutuambia mmeona nini? Mlituachia namba, maana yake mkaondoka nayo!"

"Bibi, taarifa zipo ofisini," mkuu wa hifadhi alijibu.

"Ofisi ipi? Msitu uko nyuma ya choo changu!"

Darasa zima liliangua kicheko. Mtafiti hakucheka. Alichukua chaki, akachora chemchemi ubaoni, na miti juu yake.

"Miti hii inachunwa magome ya dawa," alisema. "Inakauka. Na kila inapokauka, maji ya chemchemi yanapungua. Ndilo tuliloliona."

Watu walitazamana. Wachunaji wenyewe walikuwa mle ndani.

"Mbona hamkusema?" mjomba aliuliza. "Magome yapo mpaka bondeni. Tungeuacha upande wa chemchemi zamani."

"Hatukusema," mtafiti alijibu, macho chini. "Hatukudhani kwamba inawahusu."

Siku ile mkuu wa hifadhi alimwomba mjomba radhi mbele ya watu, akamrudishia kibali. Njia ikafunguliwa. Wachunaji waliahidi kutoigusa tena miti ya juu ya chemchemi, na mtafiti akaahidi kuyasoma matokeo yake darasani kila mwaka. Likizo nzima Chiriku alishika kamba ya kupimia, wakaipima miti upya. Mingine ilitambulikana kwa unene wake. Mingine historia yake ilipotea moja kwa moja, na Chiriku alijua ni kwa mkono wake.

Lakini jioni ile ya mkutano, walipokuwa wakirudi nyumbani, bibi alimwambia, "Umesema kweli mbele za watu, nimefurahi. Ila uliikalia mpaka mjomba wako akaitwa mwizi. Ukweli ukifichwa, anayeumia ni mwingine."

"Na wao watafiti, bibi?"

"Nao waliukalia wa kwao, miaka yote hiyo. Iliyoumia ni chemchemi."